Kabla ya Kuburuta Kitufe Chochote, Amua Programu Yako Itakumbuka Nini

Programu yangu ya kwanza ya simu ilikuwa na kazi moja tu: kunionyesha kitabu changu gani kiko kwa nani. Napenda kuazimisha vitabu, na kwa miaka mingi niliandika majina ya waliochukua kwenye vijikaratasi, vikapotea, na vitabu navyo vikapotelea hukohuko. Siku moja nikaamua kwamba simu ninayoshinda nayo mkononi kutwa ndiyo itakayoifanya kazi hiyo. Sikuwa nimesomea kompyuta, wala sikujua kuandika hata mstari mmoja wa kodi, yaani maagizo yanayoandikwa kwa lugha ya kompyuta. Nilifanya kazi jioni baada ya shughuli zangu, na baada ya wiki tatu programu ilikuwa inafunguka kwenye simu yangu.

Nakuandikia wewe unayetaka kujaribu na hujui uanzie wapi. Mafunzo mengi ya wanaoanza humwonyesha mtu jinsi ya kuburuta kitufe na kukipaka rangi, kisha yanamwacha hapo. Kitufe utakiweza ndani ya dakika tano. Kitakachokusumbua ni kumbukumbu: programu inahifadhi nini, inakihifadhi wapi, na ikifunguliwa kesho inakipataje tena.

Kwa hiyo anza na karatasi na kalamu. Nilichora mistatili mitatu kama skrini za simu: wa kwanza orodha ya vitabu vilivyo nje, wa pili fomu ya kuandika kitabu kipya, wa tatu maelezo ya kitabu kimoja. Chini yake nikaandika mambo manne ambayo programu lazima iyajue: jina la kitabu, aliyechukua, tarehe aliyochukua, na kama amerudisha. Hapo hapo likaja swali ambalo sikulitarajia. Kitabu kikirudi, nifute ile kumbukumbu au niitunze? Ukitunza, unahitaji historia, na kitabu kimoja kitakuwa na kumbukumbu nyingi. Ukifuta, kazi inakuwa nyepesi mno. Niliamua kufuta, na kwa uamuzi huo jambo la nne likaanguka lenyewe, kwa sababu kila kilichomo kwenye orodha kinajulikana kuwa hakijarudi. Nilifuta pia picha za majalada, ukumbusho wa ujumbe mfupi na kila pambo nililokuwa nimelitamani. Uamuzi kama huo ukiufanya kwenye karatasi unakugharimu kufuta mstari. Ukiuchelewesha hadi umeshajenga, unabomoa jioni nne za kazi.

Sasa chombo cha kuijengea programu. Vipo vingi, na ushauri wangu ni uchague kwa kuangalia data yako itatumiwa na nani. Kama watu kadhaa watakuwa wanaandika na kusoma taarifa zilezile, kwa mfano kikundi kinachotunza mahudhurio, anza na lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta kama la Excel au Google Sheets. AppSheet, ambayo Google iliinunua mwaka 2020, na Glide huchukua lahajedwali lenye safu (za kulala) na nguzo (za kusimama) zilizopangwa vizuri na kukutengenezea skrini juu yake. Kazi kubwa hapo ni kulipanga lahajedwali lenyewe: kila nguzo ibebe jambo moja, kila safu iwe kitu kimoja, na kila kitu kiwe na namba yake ya kukitambulisha. Kama data ni yako peke yako na inakaa kwenye simu yako, nenda MIT App Inventor. Ilianzia Google mwaka 2010 kisha ikahamia chuo kikuu cha MIT, Marekani, nayo ni ya bure. Unaifungua kwenye kivinjari cha kompyuta. Upande mmoja unapanga skrini, na upande wa pili unaunganisha vipande vya rangi vinavyoshikana kama vya fumbo la picha: kitufe kikibonyezwa, fanya hivi, kikiwa hivi, fanya vile. Nilichagua hiyo, na hadi leo ndiyo ninayompa mtu anayeanza, kwa sababu vile vipande vinakufundisha kufikiri hatua kwa hatua. Kuna vyombo vinavyokupa matokeo ya kupendeza haraka zaidi, lakini kitu kikiharibika ndani yake hujui pa kuanzia kutazama.

Kazi unaijaribu papo hapo. Unasakinisha kwenye simu programu inayoitwa MIT AI2 Companion, unaskani msimbo wa QR ulio kwenye skrini ya kompyuta, na kila unachobadilisha kwenye kompyuta kinatokea kwenye simu. Ikigoma kuunganika, jambo la kwanza la kukagua ni kama simu na kompyuta ziko kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi.

Jioni ya kwanza niliandika vitabu vitatu, nikaviona kwenye orodha, nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi nikaifungua programu na orodha ilikuwa tupu. Nilikuwa nimeviweka kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayoishi tu wakati programu iko wazi. Ili data ibaki, App Inventor ina sehemu inayoitwa TinyDB. Inafanya kazi kama kabati lenye droo zenye majina: kipande cha StoreValue kinaweka kitu kwenye droo, na GetValue kinakitoa. Nikaongeza StoreValue kwenye kitufe cha kuhifadhi, na kesho yake nikaongeza GetValue ili orodha isomwe kila programu inapofunguka. Ikakaa sawasawa. Niliifunga na kuifungua mara kumi, vitabu vikabaki.

Kisha nikaifungasha kuwa APK, yaani faili ya kusakinishia programu kwenye simu ya Android, na kuisakinisha kwenye simu ya dada yangu, naye akaandika kitabu cha kwanza. Badala ya orodha ukatokea ujumbe wa hitilafu: programu ilitarajia orodha, imepewa maandishi. Programu ileile, vipande vilevile, kwangu inafanya kazi na kwake inakataa.

Ilinichukua jioni mbili kuelewa, na nakueleza ili wewe isikuchukue hata moja. Kwenye simu yangu droo ilikuwa tayari ina vitabu vya majaribio. Kwake programu ilikuwa mpya kabisa na droo haijawahi kuwekwa kitu. GetValue ina nafasi ya pili ambapo unaiambia irudishe nini ikiwa droo haipo, na nafasi hiyo huja ikiwa na maandishi matupu. Mimi sikuigusa. Kwa hiyo kwake ilirudisha maandishi matupu, nami nikawa najaribu kuongeza kitabu juu ya kitu ambacho si orodha. Dawa yake ni kutoa kile kipande cha maandishi na kuweka kipande cha orodha tupu. Kipande kimoja tu. Jambo la kushika hapa ni kwamba unapojaribu kwa Companion, miradi yako yote inatumia kabati moja la TinyDB, na kabati hilo haliendi pamoja na APK. Kwa hiyo majaribio hayakuonyeshi programu inavyoonekana kwa mtu anayeifungua kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo, kabla sijampa mtu yeyote chochote, nafuta data yote ya programu kwenye mipangilio ya simu na kuanza upya kama mgeni. Jua pia kwamba mtu akiiondoa programu kwenye simu yake, kwa kawaida kabati hilo linaondoka nayo.

Kosa hilo liliponyooka, nilimrudishia dada simu na kukaa kando yake bila kusema neno. Huo ndio mtihani ninaouamini kuliko mwingine wowote. Aliandika kitabu, akabonyeza kuhifadhi, akaona hakuna kilichobadilika, akabonyeza tena. Kitabu kikaingia mara mbili. Nilikuwa sijaweka ujumbe wa kumwambia kuwa kimehifadhiwa, wala kuifuta fomu baada ya kuhifadhi. Kwenye tarehe akaandika "juzi", kwa kuwa nilimwachia kisanduku cha kuandika chochote. Nikakitoa nikaweka DatePicker, ambayo inamfungulia mtu kalenda achague mwenyewe. Kitufe cha kufuta nilikuwa nimekibana karibu mno na cha kuhifadhi, na kikibonyezwa kilifuta bila kuuliza. Nilikisogeza mbali na kuweka swali la kuthibitisha. Mambo hayo yote yalionekana ndani ya dakika saba za kumtazama, na peke yangu nisingeyaona hata kwa mwezi.

Kuhusu kuiweka kwenye duka la programu za simu, ushauri wangu ni usianzie huko. Kwa simu za Android unaweza kumtumia mtu faili ya APK akaisakinisha moja kwa moja, baada ya kuiruhusu simu kupokea programu kutoka nje ya duka. Ukifika wakati wa Google Play, kusajili akaunti ya msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, ni dola 25 mara moja, na kwa Apple ni dola 99 kila mwaka. Tangu Agosti 2021 Google Play inataka programu mpya ziletwe kwa muundo mwingine wa kufungasha uitwao AAB badala ya APK, na App Inventor hutoa yote mawili. Kuna sharti linalowashtua wengi: akaunti mpya ya mtu binafsi inatakiwa kwanza kuwa na wajaribu wasiopungua 12, waliojiunga na majaribio ya programu kwa siku 14 mfululizo, ndipo iombe ruhusa ya kuchapisha kwa umma. Watafute mapema. Na ukitumia chombo kingine, soma masharti yake kabla hujaanza kujenga, kwa sababu vipo vinavyokuachia ujenge bure kisha vikakudai malipo siku ya kuchapisha.

Jambo la mwisho ni nakala za akiba. Katika App Inventor unaweza kupakua mradi wako wote kama faili moja ya .aia. Pakua moja kila jioni kabla ya kuanza mabadiliko makubwa, iandike tarehe kwenye jina lake, na iweke mahali pengine nje ya kompyuta hiyo. Ukishachapisha, pakua pia keystore, yaani faili ya ufunguo inayotia sahihi programu yako, kwa sababu duka litakataa toleo jipya lisilokuwa na sahihi ileile. Mimi yangu nimeihifadhi sehemu mbili tofauti, pamoja na ile karatasi yenye mistatili mitatu niliyoipiga picha.