Weka Kidole kwenye Spika Kwanza

Hapa Luthuli Avenue, jijini Nairobi, maduka ya vyombo vya muziki hufungulia spika asubuhi na kuzizima jioni. Katikati ya kelele hizo mteja atakuwekea laptopu mezani na kukwambia, "Fundi, haina sauti." Ukiinamisha sikio hutajua kama mashine ndiyo imenyamaza au ni mtaa umekuzidi nguvu. Basi cheza wimbo wenye besi, pandisha sauti hadi mwisho, kisha weka ncha ya kidole juu ya vitundu vya spika. Spika iliyo hai hutetema, hafifu tu, kama simu inayoita mfukoni mwa jirani yako ndani ya matatu.

Naanza na kidole kwa sababu vijana wengi wanaoingia kazi hii huanza na kufomati. Mteja hajamaliza kueleza, fleshi ya Windows imeshachomekwa. Nami nilikuwa hivyo, na kuna kazi moja ambayo haijanitoka moyoni hadi leo. Mwanafunzi wa chuo aliniletea laptopu isiyotoa sauti. Nikafuta kila kitu, nikaweka mfumo endeshi upya, saa mbili zikaisha, na sauti haikurudi. Alipokuja kuichukua akauliza faili ya mradi wake wa mwaka wa mwisho iko wapi. Nilikuwa nimeifuta. Baada ya yeye kuondoka na machozi, nilimulika tochi ndani ya tundu la hedifoni nikaona chuma kinang'aa. Ncha ya pini ilikatikia humo, na muda wote mashine iliamini kuna mtu amevaa hedifoni.

Ndani ya tundu hilo mna kiswichi kidogo sana. Pini ikiingia hukisukuma, na laptopu hunyamazisha spika zake ili sauti iende kwenye waya. Pamba za mfukoni, vumbi au kutu vyaweza kukibana hivyo hivyo bila pini yoyote. Kwa hiyo chomeka hedifoni na uichomoe mara kumi hivi. Mara nyingine kiswichi huachia palepale na kazi imeisha. Kama ni uchafu, zima mashine, toa betri, safisha taratibu kwa njiti ya meno. Kipande kilichokatikia ndani usikichokoe kwa sindano, utakizamisha zaidi. Fungua mashine ubadilishe tundu lenyewe. Kwenye laptopu kadhaa za zamani limefungwa kwenye kibao chake kidogo, halihitaji hata kuchomelewa.

Tundu likiwa safi na kidole bado hakihisi kitu, sasa ndipo fleshi inapoingia, lakini si ya kufomati. Weka Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, kwenye fleshi ya GB 8, uwashe mashine kupitia hiyo fleshi: kwa Dell na ThinkPad bonyeza F12, kwa HP bonyeza F9. Mfumo utafanya kazi kutoka kwenye fleshi bila kuigusa diski ya mteja, mradi usiufungue usakinishaji. Cheza sauti. Ikisikika, spika na saketi ni nzima, ugonjwa uko ndani ya Windows. Na kwa kuwa uko humo tayari, nakili mafaili ya mteja kwenye diski ya nje. Mimi siku hizi hufanya hivyo hata kazi ikiwa ndogo.

Sauti isiposikika, usitangaze bado kwamba spika zimekufa. ThinkPad nyingi za zamani zina kitufe cha kunyamazisha kinachokata sauti chini kabisa ya mfumo endeshi, kwa hiyo skrini itakuonyesha sauti iko juu ilhali kitufe kimefunga. Halafu, ukiwa bado ndani ya Mint, andika alsamixer, programu ya kurekebisha sauti, kwenye dirisha la amri. Ukiona MM chini ya mstari wowote, hapo pamefungwa. Sogea hapo ubonyeze M. Bado kimya? Fungua, chomoa waya wa spika, gusisha ncha zake kwa betri ya tochi ya volti 1.5, mguso wa mara moja tu. Spika nzima hutoa mlio mfupi, "tok". Iliyokufa haisemi.

Upande wa Windows, anza na kuangalia sauti inatumwa wapi. Nimeona laptopu iliyokuwa ikicheza kwenye spika ya Bluetooth chumba cha pili. Kisha ondoa draiva ya sauti, yaani programu inayoiunganisha Windows na kifaa cha sauti, kwenye orodha ya vifaa (Device Manager), uwashe mashine upya. Ikikataa, chukua namba ya modeli chini ya mashine upakue draiva kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote, ziache. Sauti inayokatikakatika ni habari nyingine: zima Wi-Fi kwanza usikilize tena, kwani draiva ya Wi-Fi iliyo mbovu huichelewesha sauti. Ikiendelea, pima afya ya diski.

Kuna swali utaulizwa kila siku: niweke Windows gani? Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0, chipu ya usalama, na upande wa Intel kwa kawaida inataka prosesa ya kizazi cha 8 kuendelea, ilhali mashine nyingi za mtumba zinazofika mezani kwetu ni za kizazi cha 3 au cha 4. Wengine huilazimisha. Mimi humweleza mteja ukweli, nikamwonyesha Mint kwa dakika kumi kwenye ileile fleshi, aamue mwenyewe. Mtu anayeandika barua na kufungua intaneti huizoea upesi.

Tena, mteja akisema intaneti imeharibika, kila tovuti inakataa kufunguka, tazama saa ya mashine kabla ya kugusa kitu. Ikionyesha mwaka uliopita zamani, betri ndogo ya CR2032 inayoitunza saa hiyo imekwisha. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe, na saa ikirudi nyuma kivinjari huvikataa vyote. Badilisha betri, rekebisha saa.

Na kabla hajalipa, mwache acheze wimbo wake mwenyewe, achomeke hedifoni na kuichomoa mara mbili mbele yako, kisha mshike mkono aweke kidole kwenye spika.