Kibodi na kipanya visivyo na waya vinakatikakatika

Kama vilianza kusumbua baada ya Windows kujisasisha, usikimbilie kupakua draiva (programu inayoendesha kifaa) mtandaoni. Ya msingi imo ndani ya Windows tayari. Badilisha betri, kisha hamishia kipokezi (kile kidude kidogo cha USB kinachopokea mawimbi ya kibodi na kipanya) kwenye tundu la USB 2.0. Tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi ndani lina rangi ya bluu, hutoa kelele kwenye masafa ya GHz 2.4, yaleyale ya kipokezi, ndiyo maana kishale hurukaruka na herufi hupotea. Waya mfupi wa kurefushia USB husaidia sana hapa.

Bado? Chomeka kwanza kipanya cha waya, maana hatua hii inaweza kukuacha bila kishale. Bonyeza Windows+R, andika devmgmt.msc, bonyeza Enter; itafunguka Device Manager, orodha ya vifaa vya kompyuta. Chini ya kibodi na vipanya, ondoa vyenye jina HID tu (yenye PS/2 mara nyingi ni ya laptopu yenyewe, iache), chomoa kipokezi, washa kompyuta upya, chomeka tena. Draiva itajisakinisha.

Vikigoma ukiviacha dakika chache tu, humo humo kwenye Device Manager fungua USB Root Hub (chini ya vifaa vya USB), kichupo cha Power Management, utoe tiki inayoruhusu kompyuta kuizima ili kuokoa umeme.