Jibu: SSH inakataa ufunguo kwenye cPanel
Ndugu, ukijaribu kuingia kwenye seva kwa SSH (njia salama ya kuitumia seva ukiwa mbali) ukapata "Permission denied (publickey)" na ufunguo umeshaupakia kwenye cPanel (paneli ya kusimamia hosti), yaelekea hujauidhinisha. Kupakia peke yake hakutoshi: fungua SSH Access, Manage SSH Keys, bonyeza Manage mbele ya ufunguo wa umma, kisha Authorize. Hapo ndipo wengi hukwama.

Bado inagoma? Tazama ruhusa kwenye File Manager (washa Show Hidden Files kwanza, la sivyo huioni .ssh, folda inayohifadhi funguo). Folda hiyo iwe 700 (wewe tu uweze kuisoma, kuandika na kuifungua), na faili la authorized_keys lililomo humo, lenye funguo zilizoidhinishwa, liwe 600 (wewe tu kusoma na kuandika). Zikiwa wazi kwa watumiaji wengine kuandika, seva huukataa ufunguo bila kukwambia sababu.

Kisha jaribu ssh -v -p 2222 jina@seva (-v huonyesha kila hatua ya kuunganisha), poti, yaani namba iliyo baada ya -p, uibadilishe kulingana na mtoa huduma wako. Ufunguo wa siri usimpe mtu, hata fundi wa hosti.