Jibu: Kwa nini Kadishi haimtaji marehemu?
Dada, pokea pole zangu kwa kufiwa na mama. Umeuliza kwa nini Kadishi, sala ya wafiwa wa Kiyahudi, haitaji kifo, na inawezaje basi kumtuliza mtu. Ni kweli kwamba maneno yake, ambayo mengi ni ya Kiaramu, yanamtukuza Mungu tu. Lakini Isaac Luria, mwalimu wa Kabala, yaani elimu ya mafumbo ya dini ya Kiyahudi, aliyefundisha mjini Safed, Galilaya, hadi alipofariki mwaka 1572, alieleza kwamba sala hiyo huipandisha roho ya marehemu daraja baada ya daraja, kwa hiyo mtoto anayeisali haombolezi tu, bali bado anamtumikia mzazi wake. Binafsi naona dawa iko hapo: mfiwa anapewa kazi. Huisali kwa miezi 11, tena mbele ya watu wazima wasiopungua 10, jambo linalomlazimu kutoka ndani hata siku ambazo hataki kumwona mtu. Mwezi wa 12 huachwa makusudi, kwani hukumu ya waovu husemekana kudumu miezi 12, na nani angependa kumhesabu mama yake miongoni mwao?

Ikiwa maneno yaliyopangwa yanakulemea, Nachman wa Breslov, rabi (mwalimu wa dini ya Kiyahudi) aliyefariki mwaka 1810 na ambaye mwenyewe alifiwa na watoto, aliwafundisha wafuasi wake kujitenga, hasa usiku, na kuzungumza na Mungu kwa lugha yao ya nyumbani. Aliyekosa la kusema alishauriwa kurudia neno moja tu.