Ukifika Hamburg, fuata bidhaa

Wageni wangu kutoka nyumbani huulizia kwanza makanisa na maduka. Mimi huwapeleka gati la Landungsbrücken tukapanda kivuko namba 62. Ni usafiri wa umma: tiketi ya siku ya basi na treni inatosha, na mto utakaouona ni ule ule wanaoulipia wenzako kwenye boti za watalii. Keti juu, upande wa kushoto, utazame meli za makontena zikipakuliwa. Koti usiache hata Julai. Bahari iko zaidi ya kilomita 100, lakini mto huu, Elbe, hujaa na kupwa hapa; mtu wa pwani ataijua alama ya maji kwenye kuta za gati kabla hajaambiwa.

Kisha nenda Speicherstadt, maghala ya matofali mekundu yaliyofunguliwa 1888, yakiwa yamejengwa juu ya nguzo za mbao kati ya mifereji. Wengi hupiga picha wakaondoka. Wewe inua macho mpaka chini ya paa, utaona kapi limejitokeza nje. Mashua ilifunga chini yake, gunia la kahawa au viungo likavutwa moja kwa moja hadi ghorofa yake. Palikuwa bandari huru, mali ikilala humo bila ushuru. Ndani kuna makumbusho ndogo ya viungo, unaruhusiwa kushika na kunusa. Ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie uko jirani. Ni mzuri, ila foleni yake mimi huwaachia wengine.

Na sisi tumo katika biashara hiyo. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilifungua tawi Unguja 1849, ikawa inanunua kauri, zile simbi za baharini, na kuzipeleka Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha. Miaka kumi baadaye miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck ikafunga mkataba na Sultani. Ni mfanyabiashara wa Hamburg pia, Heinrich Ruete, aliyemwoa Salme, binti wa Seyyid Said. Mumewe aligongwa na tramu akafa 1870, akamwacha na watoto wadogo ugenini. Salme alifariki 1924, amezikwa makaburi ya Ohlsdorf. Eneo ni kubwa kiasi kwamba mabasi hupita ndani, kwa hiyo uliza ramani getini.

Ukipita Große Reichenstraße, ingia ua wa Afrikahaus, jengo la kampuni ya meli ya Woermann la 1899, lenye tembo wawili mlangoni. Picha piga, lakini meli za Woermann ndizo zilizobeba askari wa Kijerumani kwenda Namibia 1904, kuwapiga Waherero.

Jumapili usilale. Soko la samaki, Fischmarkt, lipo tangu 1703 na hufunga saa tatu na nusu asubuhi. Wachuuzi wanapiga kelele kushinda wa Kariakoo, na dakika za mwisho kapu zima la matunda huuzwa kwa bei ya kutupa. Nenda na fedha taslimu na mfuko imara.