Kuomba rekodi za mbwa wa polisi nchini Kenya

Ndugu muulizaji, umesema kwamba jirani yako aling'atwa na mbwa wa polisi, na kituoni mkaambiwa kwamba rekodi za mbwa huyo ni mambo ya ndani. Si kweli. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na Serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika ombi kwa Kiswahili, bila kulilipia wala kushurutishwa kueleza sababu, na jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Usiandike "habari zote kuhusu mbwa", maana ombi pana hivyo hukataliwa kirahisi. Taja tarehe, mahali na nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), kisha uombe ripoti ya matumizi ya nguvu ya siku hiyo pamoja na idadi ya watu walioumwa na mbwa wa kikosi hicho cha polisi tangu mwaka uliopita. Majina ya majeruhi wengine huenda yakafichwa, na hilo, kwa maoni yangu, ni sawa. Ukinyimwa, omba mapitio kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman, ndani ya siku 30. Jeraha likiwa baya, peleka pia malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendaji wa polisi, na fomu ya P3, yaani ripoti ya kitabibu ya jeraha, iliyojazwa na daktari iambatanishwe.