Usiwafungie kwenye Kiingereza: jibu kwa dada anayeanza ushauri wa masomo Houston

Dada uliyeleta uzi, hongera kwa kazi. Umesema unaanza mwezi ujao kama mshauri wa masomo kwenye chuo cha umma cha miaka miwili hapo Houston, kwamba wengi watakaokaa mbele yako ni wanafunzi wapya wanaozungumza Kihispania huku Kiingereza wanakiokoteza, na kwamba bosi wako kakwambia "waweke kwanza Kiingereza, kikishaiva ndipo waanze masomo mengine". Ukauliza kama hiyo ni sawa. Nimekaa kwenye kiti cha aina hiyo miaka saba, Texas hiihii. Kwa wachache ni sawa. Kwa wengi ni kuwachelewesha kwa pesa zao wenyewe. Jibu refu ndilo hili, chemsha chai kabisa.

Mimi nimesoma shule ya msingi Kagera kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza nikaamka asubuhi moja kila kitu ni Kiingereza. Mwalimu wa baiolojia akiuliza kama tumeelewa, darasa zima "yes sir!" kwa sauti ya kupasua bati. Hakuna aliyeelewa. Ila kwenye hesabu nilikuwa mtu. Mlinganyo hauulizi lafudhi. Na zile alama za hesabu ndizo zilizonifanya nisitoroke shule mpaka Kiingereza kikanikuta njiani. Sasa fikiria kama wangeniambia nikae mwaka mzima nisome Kiingereza peke yake, hesabu baadaye. Ningekuwa navua samaki hadi leo, na wala si vibaya, ila si nilichokuwa nataka.

Kwa hiyo wakikaa mbele yako, usiwaulize kama wameelewa. Watakuambia "sí, Miss" (utaitwa Miss, zoea), na ile "sí" ni ndugu wa damu wa "yes sir" yetu. Mwambie: nieleze wewe sasa, Jumatatu unaenda wapi, saa ngapi, na ukiona somo limekuzidi unamwona nani kwanza? Akikueleza, hata kwa Kihispania na mikono, mmeelewana. Akitabasamu tu, rudia.

Kitu cha pili, wengi wao hawajui wewe ni nani. Huko Mexico, Kolombia au Venezuela mtu anaingia chuo akiwa tayari na fani yake, wanaiita carrera, na orodha ya masomo imeshapangwa tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Kama nyumbani tu: umechaguliwa uhandisi, ratiba imebandikwa ubaoni, kazi yako kusoma. Hapa anaambiwa "chagua". Anashangaa, achague nini? Ana krediti 60 (vipimo vya uzito wa masomo) za kufikisha kwa ile shahada ya miaka miwili, na akitaka kwenda chuo kikuu cha umma cha Texas kuna krediti 42 za masomo ya lazima kwa kila mtu, ndani yake historia krediti 6 na serikali na katiba krediti 6. Mtu aliyekuja kusomea uuguzi anakuuliza historia ya Texas ya nini. Mweleze kwa utulivu, usicheke, maana swali lake ni la haki.

Nije kwenye pesa, kwa sababu hapo ndipo ushauri wa bosi wako unapouma. Pell, msaada wa serikali ya Marekani kwa wanafunzi wasio na uwezo, ni kama bumu, tofauti ni kwamba hairudishwi. Lakini ina kikomo cha maisha: mihula 12 ya kusoma muda wote, basi. Piga hesabu. Mwanafunzi akikaa mihula minne kwenye Kiingereza peke yake kwa Pell, akatumia minne mingine kumaliza krediti 60, inabaki minne ya kwenda kumalizia shahada ya kwanza. Imeisha kamili. Akiugua muhula mmoja, akibadili fani, akifeli hesabu mara moja, anaanza kulipa mfukoni. Watu watakuambia kozi za Kiingereza kwa wageni hazihesabiwi kwenye kikomo kingine, kile cha krediti 30 ambazo msaada unalipia za masomo ya kunyanyua kiwango. Kweli, hazihesabiwi humo. Lakini saa ya Pell inaendelea kugonga. Na kwenye vyuo vingi krediti zenyewe haziingii kwenye shahada.

Ninachofanya mimi ni kuchanganya. Aliye ngazi ya chini kabisa, asiyeweza kusoma ujumbe wa chuo, huyo mwache Kiingereza muhula mmoja au miwili, na kama mtaani kwake kuna madarasa ya bure, aanzie huko kabla hajagusa Pell. Aliye katikati nampa Kiingereza chake, hesabu ya ngazi anayoiweza, na somo moja la mikono: kuchomelea, kuchora, kompyuta. Pale anasikia Kiingereza cha kazi, "shika hapa, washa, zima", na kinaingia haraka kuliko cha ubaoni. Hesabu nayo ina vimtego vyake. Kwa Mkolombia au Mvenezuela 1.500 ni elfu moja na mia tano, na ile nukta yetu ya desimali kwao ni mkato. Na "billón" yao ni milioni mara milioni, si bilioni unayoijua. Dakika mbili za kumweleza zinamwokoa kwenye jaribio la kwanza.

Sasa nikiri na kosa langu, maana usije ukadhani nasema uwarushe tu majini. Mwaka wangu wa pili alikuja kijana wa Honduras, mchangamfu, Kiingereza cha kuongea anacho, amekipata kwenye ujenzi. Nikadanganyika na mdomo wake. Nikampangia HIST 1301, GOVT 2305, hesabu na kale ka somo ka kujifunza kusoma chuoni. Krediti 12. Historia na serikali kwa pamoja ni kurasa kwa mamia, na insha juu yake. Kuongea na fundi mwenzio ni kitu kimoja, kusoma sura ya katiba saa tano usiku baada ya kushinda juani ni kingine kabisa. Katikati ya muhula akayaacha yote mawili. Muhula uliofuata akachukua 12 tena, akafeli somo moja. Jumla amejaribu krediti 24, amefaulu 15, yaani asilimia 62.5. Kipimo cha msaada wa serikali kwa kawaida ni asilimia 67. Muhula wa kwanza alipata onyo, wa pili Pell ikasimamishwa. Si kudisko kama kwetu, chuo hakikumfukuza, ila bila pesa ni yaleyale. Tulikata rufaa, akaandika barua yake mwenyewe kwa Kihispania, tukaitafsiri pamoja, wakamrudishia kwa masharti. Alimaliza, kwa kuchelewa, na leo anafunga viyoyozi, kazi isiyokosa wateja Houston. Lakini mwaka ule mmoja nilimpotezea mimi.

Tangu hapo masomo mawili ya kusoma sana hayakai muhula mmoja kwa mtu anayejifunza lugha. Moja tu, na nauliza mapema mwalimu gani anatumia maandishi mafupi.

Kuna jingine dogo linaloua kimyakimya, na sijaona mtu akilitaja kwenye uzi huu: neno bachillerato. Kwa nchi nyingi za Kihispania ni cheti cha sekondari, kidato cha sita chetu. Sasa fomu ya FAFSA, ile ya kuombea Pell, inauliza kama utakuwa tayari na shahada ya kwanza, na kwa Kiingereza shahada hiyo inaitwa bachelor. Mtoto anajaza ya Kiingereza akisaidiwa na binamu, anaona neno linafanana na cheti chake, anaweka ndiyo. Pell imekufa, kwa sababu Pell ni ya watu wasio na shahada ya kwanza. Anakuja kwako Septemba analia, hajui kosa liko wapi. Fungua fomu yake muangalie swali hilo kwanza. Ila akitoka Puerto Rico uliza vizuri, kule bachillerato ni shahada kweli. Na hao wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, usimpeleke mtu dirisha la wanafunzi wa kigeni kwa sababu tu anaongea Kihispania. Nimeliona likifanyika. Aibu tupu.

Ndugu zake bachillerato ni wengi. Colegio ni shule, hata ya msingi, si chuo. Facultad ni kitivo, si walimu. Asistir ni kuhudhuria, kwa hiyo mtu akikuandikia kwa Kiingereza chake kwamba "alimsaidia mwalimu darasani Jumanne", huenda anamaanisha alihudhuria tu. Kuacha somo ni dar de baja, hilo ulijue kwa moyo.

Upande mwingine wa shahada: kuna mama wa Venezuela alikuja na licenciatura ya uuguzi, transkripti yake imejaa 14 na 15. Aliyempokea kabla yangu aliona 15 akadhani ni asilimia 15, akamwandikia aanze mwanzo kabisa. Venezuela alama ni juu ya 20, na 10 ni kufaulu. Kolombia ni juu ya 5, Chile ni 1 hadi 7, Mexico juu ya 10 na kufaulu ni 6. Mama yule alikuwa mwanafunzi mzuri tu. Transkripti yake ilipopelekwa kwa wakala wa kutathmini vyeti vya nje, alipata krediti za kutosha asirudie nusu ya masomo. Lakini kwa kuwa licenciatura ni shahada ya kwanza, Pell hapati, hata ikiwa ya nje. Mwambie mtu wa namna hiyo siku ya kwanza, si baada ya kusajili.

Na Kihispania chenyewe ni mali. Kuna mtihani wa CLEP wa Kihispania, wa kupata krediti bila kukaa darasani, vyuo vingi vinatoa krediti kuanzia alama 50. Kwa aliyekulia lugha hiyo ni asubuhi moja ya kazi. Waulize msajili wenu wanakubali ngapi na zinaingia wapi kwenye shahada, maana zikiwa hazina pa kukaa ni pambo.

Usidhani pia kila anayetoka Guatemala Kihispania ndiyo lugha ya mama. Houston ina Wamaya wengi, wa K'iche' hasa, na kwa baadhi yao Kihispania ni lugha ya pili, Kiingereza ya tatu. Hapo mimi nilijikuta nyumbani: Kihaya, Kiswahili, Kiingereza. Huyo usimpe tafsiri ya Kihispania ukadhani umemaliza.

Mama au baba akija pamoja naye, na atakuja, simama, msalimie, mpe kiti. Ila sheria ya FERPA ya 1974 inasema rekodi za chuo ni za mwanafunzi, hata akiwa na miaka 17. Mpe kijana fomu ya ridhaa asaini mbele ya wote, muendelee. Usimwambie mama "huruhusiwi" kwa sauti ya karani. Kuhusu makaratasi ya uhamiaji, usiulize kaunterini watu wanasikia. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anaweza kupunguziwa mzigo mwanzoni kwa ugumu wa Kiingereza, lakini anayeidhinisha ni ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, na kabla hajaacha somo, si baada.

Majina: wana mawili ya ukoo, la baba kisha la mama, na mfumo wenu utashika la mwisho. Ukimkosa kwa moja mtafute kwa jingine. Na akikuandikia anakuja "ahorita", hiyo ni ile "nakuja" yetu ya mtu anayetoka mlangoni.

Hujui Kihispania, umesema, unaogopa. Anza hata leo. Irabu zao ni zetu, a e i o u, hakuna za kung'ata ulimi. Mesa ni meza, bandera ni bendera, Wareno walituachia mbegu. Wakikusikia unavunja Kihispania chao, wao nao wataacha kuona haya kuvunja Kiingereza mbele yako. Mimi nilisema "estoy embarazada" nikitaka kusema nimeona aibu, kumbe nimetangaza nina mimba, mimi mwanaume. Ofisi ilicheka wiki nzima, na foleni yangu ikawa ndefu kuliko za wenzangu.

La mwisho, andika kwenye kalenda siku ya 12 ya masomo ya kila muhula mrefu. Somo likiachwa kabla ya hapo halibaki kwenye rekodi, ingawa Pell inaweza kupungua. Baada ya hapo ni W, alama ya kuacha somo, na Texas tangu 2007 inamruhusu mwanafunzi kuacha masomo sita tu katika shahada yake yote. Wiki ya pili, hata kama hakuna aliyekuja, wapigie wewe. Waulize wamepewa kurasa ngapi za kusoma, na wamefika ya ngapi.